Doa si damu mpaka lipimwe



Mtoto akipotea mu kartie, saa ile ile picha inatembea kwa WhatsApp: kiatu, kitambaa chenye doa. Mbele ya jioni "muuaji" ameshapatikana, na mara nyingi ni mama mwenyewe ao jirani mwenye watu hawamupendi. Mawe yako tayari. Sisi tunakataa. Na musituambie eti ni shida ya wasiosoma. Sisi wenye diplome bila kazi, wenye kushinda na simu mukononi, ndio tunaisambaza wa kwanza.

Hata wenye labo kubwa walianguka. Muangalie Australia. Tarehe 17 Agosti 1980, Azaria Chamberlain, mtoto wa wiki tisa, alipotea ndani ya hema karibu na jiwe la Uluru. Mama yake, Lindy, alilia kwamba dingo, mbwa wa pori wa kule, amemubeba. Wenyeji wenye kujua kusoma nyayo walifuata alama za dingo mu mchanga. Haikutosha, juu mama hakulia vile watu walitaka alie. Mu televizyo alionekana mkavu, basi.

Kisha gari. Mtaalamu wa serikali akasema chini ya dashibodi kuna damu ya mtoto mchanga. Avoka wa mama walitaka kuona vipimo: vilishatupwa, eti ndiyo desturi ya labo! Ushahidi wa kumufunga mtu maisha, na hauko tena wa kuangaliwa. 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alizaa binti akiwa mufungwa, wakamutenga naye.

Lile doa lilikuwa nini? Uchunguzi wa baadaye ulionyesha ni dawa ya kupunguza kelele, yenye kiwanda kilipulizia ndani ya gari.

Na ile koti ndogo ya mtoto, yenye walisema mama ameibuni, ilionekana Februari 1986 karibu na mapango ya dingo, watu wakitafuta maiti ya mtalii. Akafunguliwa. Hukumu ikafutwa 1988. Cheti cha kifo chenye kutaja dingo? 2012.

Mutasema: kwetu polisi inaachilia wezi wa watoto kwa dola. Kweli, na juu ya ile tutaendelea kuandamana. Lakini Lindy alikuwa mzima siku koti ilipoonekana. Mwenye kuchomwa barabarani, nani atamufungulia?

Kwa hiyo tunadai: nguo ikiokotwa, isifuliwe, isipite mikono kumi. Ipigwe picha pale pale, ifungwe mu karatasi, majina ya wote wenye waliigusa yaandikwe. Kipande kibakie cha kupimwa mara ya pili, na mshitakiwa apewe njia ya kukipimisha mwenyewe.

Na mwenye kutuma kitambaa mu grupu akiandika "tumemupata", mumuulize mbele ya wote: nani amepima, na wapi?