Waliotazama Lubega

Albamu ya kwanza ya X Plastaz, kikundi cha hip hop cha Arusha, iliyotolewa mwaka 2004 na Out Here Records ya Ujerumani kwa jina la Maasai Hip Hop, ilipata taadhima ya kwanza kwa wageni ambao aghalabu hawakufahamu neno hata moja la Kiswahili kilichochanwa humo, nao, kwa kuwa sikio lao lilikuwa limefungwa, walisifu kile ambacho jicho liliweza kukifikia: lubega, shanga, na kijana wa Kimaasai aliyesimama baina ya wenziwe wa mjini. Siwalaumu. Mimi niliye na lugha sikuwa na udhuru, maana nililiona jina lile nikadhani ni bidhaa ya watalii, jamaa ya vinyago vya kando ya barabara ya Ngorongoro, nikapita.

Na jina lenyewe, kwa insafu, limetaja sehemu likaacha jumla. Kikundi kilianza 1996, na waliobeba mistari yake, Nelly, Ziggy, Gsan na Dineh, walikuwa watoto wa mjini wenye Kiswahili cha vijiweni. Umaasai ulikuja na Merege, kijana yule mwenye lubega. Walakin asije mtu akamfanya Merege kuwa pambo. Nyimbo za Kimaasai kwa desturi hazina ngoma: olaranyani, kiongozi wa wimbo, hutangulia, kundi huitikia kwa pumzi nzito zitokazo kooni, na pumzi hizo ndizo mizani yenyewe. Mchanaji naye, ukimnyang'anya mashine ya midundo, hubaki na hilo hilo, pumzi na mahali pa kuikata. Waliosema kwamba hapa mambo mawili ya mbali yameunganishwa kwa nguvu hawakusikiliza vizuri. Mimi naona majirani waliochelewa kujuana.

Lililobaki, kuyapima maneno yenyewe, ni letu sisi wenye lugha. Magazeti yetu yana kurasa za mashairi, na malenga wa kurasa hizo, ambao nawaheshimu, wataniambia kwamba mistari ya vijana hawa haikutimia mizani nane kwa nane, wala vina vyake havikai vinapotakiwa, nami nitawajibu kwamba vina vimo, tena vimejaa, ila vimehamia katikati ya sentensi na kwenye visigino vya maneno, na anayetaka kuvihesabu sharti aifuate sauti badala ya karatasi. Mjadala huo ungalifaa kufanywa wakati ule, wahusika wote wakiwapo. Nelly alifariki mwaka 2006, albamu ikiwa na umri wa miaka miwili.