Kozi ya Wiki Tatu Nayo Tusubiri Mfadhili?

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha kukusanya taarifa za utafiti wa sonona kwenye wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Semina ilikuwa ya siku moja, na nusu ya siku hiyo tulifundishwa kutumia kishikwambi. Sitanii. Kesho yake tukaingia vijijini na dodoso la maswali tisa lililotafsiriwa kutoka Kiingereza.

Siku ya tatu nikamkuta kijana mvuvi, rika langu kabisa. Swali la tisa linauliza kama ndani ya wiki mbili umewaza kwamba afadhali ungekufa, au ujidhuru. Akanitazama, akasema, "Karibu kila siku, kaka." Nikabonyeza "karibu kila siku". Nikamshukuru, nikaenda nyumba inayofuata.

Hivi ningefanya nini? Hakuna aliyenifundisha nikae naye vipi, nimuulize nini tena, wala nimpeleke wapi. Na yeye alikuwa na kila sababu ya kunificha, maana nchi hii kujaribu kujiua ni kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Sijui yuko wapi leo.

Watu wakisikia "fedha za utafiti" wanawaza maabara na mashine za mabilioni. Ninachodai ni kitu kidogo: kozi ya wiki mbili tatu kwa muuguzi, afisa ustawi wa jamii au mhitimu aliyekaa nyumbani. Afundishwe kuuliza, kutunza siri, kujua kama tafsiri inaeleweka, kuchambua majibu, na cha kufanya mtu akisema ndiyo kwenye swali la tisa. Kwenye hilo la tafsiri tuna shida kubwa. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, mie sina huzuni, nina mawazo tu." Nikabonyeza hapana. Leo naona nilikosea.

Zimbabwe waliliona hilo mapema. Kwa Kishona wanasema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na dodoso lao lilitengenezwa Harare kwenyewe miaka ya 1990. Daktari Dixon Chibanda na wenzake wakawapa mafunzo mafupi akina bibi wa mitaani, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yakaonyesha waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao. Bila watafiti wanaoijua lugha ya pale, benchi lile lisingethibitishwa kwa lolote.

Sisi tunasubiri wafadhili. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, mwezi Mei taasisi yao ya afya ikatangaza kuzuia fedha za utafiti zinazopitia vyuo vyao kuja kwa washirika wa nje. Basi, kozi nayo ife? Wakuu wa Afrika walishakubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na sisi hatujafika. Lakini mashangingi mapya hayakosi fungu. Bunge linakaa Dodoma, mji uleule wenye hospitali ya Mirembe, na bado afya ya akili inatajwa kwa kuibia tu.

Fungu liwekwe kwenye bajeti, vyuo vyetu vifundishe, na nafasi ziende wilayani, siyo kwa walewale wa mjini wanaozunguka semina hadi semina kuwinda posho.

Na sisi upinzani tusijifanye wasafi. Majukwaani tunapiga kelele za katiba na tume huru, ni sawa kabisa, ila hili sijalisikia hata mara moja. Nimempelekea hoja katibu wa vijana wa mkoa wangu. Kasema tusubiri uchaguzi wa ndani uishe. Ukiisha nitamgongea mlango tena.