Betri kubwa ya gari la umeme: dola 5,000 zinanunua nini Lubumbashi?

Anayetaka kununua gari la umeme hukutana na swali moja kabla hajaangalia rangi wala viti: achukue betri ndogo au kubwa? Muuzaji ana jibu lake tayari. Betri kubwa inakwenda mbali, atasema, na mwenye nayo halali njiani. Jibu hilo limeuza magari mengi Marekani na Ulaya. Kwa mkaaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ambaye udongo wa kwao ndio unaotoa kobalti ya betri nyingi za namna hiyo, jibu hilo lapaswa kupimwa upya, kwa barabara zake na kwa umeme wake.

Mfano wa kufaa ni Nissan Leaf, gari ambalo limeenea sana katika soko la magari yaliyotumika duniani. Lilipotoka mwaka 2010 lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Kufikia mwaka 2022, mnunuzi wa Marekani aliwekewa betri mbili mbele yake: ya kilowati-saa 40, gari likianzia dola 27,400, na ya kilowati-saa 62, likianzia dola 32,400. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, la kwanza lilikwenda kilomita 240 na la pili kilomita 364. Tofauti ni dola 5,000 kwa kilomita 124, yaani takriban dola 40 kwa kila kilomita iliyoongezeka. Ni kweli kwamba pesa hizo zilileta pia mota yenye nguvu zaidi na uwezo wa kuchaji kwa haraka zaidi. Lakini kinachowafanya watu wafungue mfuko ni umbali, au tuseme hofu ya umbali.

Basi ni nani anayezihitaji kilomita hizo 124?

Baba au mama anayetoka Ruashi kwenda kazini katikati ya mji, akapeleka watoto shuleni, akarudi kupitia soko la Kenya, ni vigumu afikishe kilomita 40 kwa siku. Gari la ukubwa huo linakula kilowati-saa 18 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo siku nzima ya mji inamaliza kama 7. Betri ndogo ya 40 inamtosha siku tano. Ile kubwa inamtosha nane. Siku hizo tatu za ziada amezilipia dola 5,000.

Wanaotetea betri kubwa wana hoja moja nzito hapa kwetu, nayo haipaswi kupuuzwa: umeme hukatika. Mwenye betri kubwa anaweza kujaza usiku ule ambao umeme wa SNEL upo, akavuka mgao wa siku kadhaa bila wasiwasi. Hoja ni ya kweli, ila inasahau plagi. Plagi ya kawaida ya nyumbani inatoa kilowati 2 hivi. Umeme ukikaa saa kumi mfululizo, gari linapata kilowati-saa 20, sawa na safari ya kilomita 110, iwe betri ni ndogo au kubwa. Kujaza betri ya 62 kutoka sifuri kwa plagi hiyo kunataka zaidi ya siku nzima ya umeme usiokatika. Katika mitaa mingi ya Lubumbashi siku ya namna hiyo ni sikukuu. Pipa kubwa chini ya bomba linalodondosha matone halimpi mtu maji zaidi. Kwa mkaaji wa mji, dola 5,000 zina kazi nzuri zaidi katika paneli za sola, inverta na nyaya nzuri za nyumba, vitu ambavyo vitawasha taa na friji hata siku gari halipo.

Barabara kuu zina habari nyingine. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi, kwenda na kurudi 180. Kwenye karatasi, betri ya 40 inatosha. Lakini vipimo vya karatasi havijui foleni ya malori mpakani, kiyoyozi kinachofanya kazi huku gari limesimama, wala mwendo wa haraka wa dereva anayekimbiza giza. Tena, betri iliyotumika miaka kadhaa haina tena nguvu ya mwanzo. Ikipoteza sehemu moja ya tano, zile kilomita 240 zinakuwa 190, na mfanyabiashara wa Kasumbalesa anarudi nyumbani akitazama namba za kioo kuliko barabara. Huyu achukue kubwa. Na anayekwenda Kolwezi mara kwa mara, kilomita 300 hivi kwa njia moja, hata hiyo kubwa haitampa raha: safari yenyewe inataka kilowati-saa 54 gari likiwa jipya na dereva akiwa mpole. Bila mahali pa kuchaji Likasi, abaki na gari la mafuta.

Anayenunua gari lililotumika ana jambo jingine la kuuliza kabla ya ukubwa, nalo ni afya ya betri. Leaf za miaka hiyo hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na madereva wa Arizona, jimbo la joto kali huko Marekani, waliona mwaka 2012 betri zao zikichoka kabla ya wakati. Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi, na haina joto la Arizona, ila gari huenda limetoka mahali penye joto hilo. Betri ya 62 iliyochoka sana inaweza kuwa haina faida yoyote juu ya 40 iliyotunzwa. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipande 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki, na kiwanda kiliahidi kwa magari haya mapya kwamba havitashuka chini ya 9 ndani ya miaka minane au kilomita 160,000. Vihesabiwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kuna wanaosema Mkongomani anapaswa kushangilia kila betri kubwa inayouzwa duniani, maana betri kubwa ni kobalti nyingi, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa. Hesabu inapunguza shangwe. Katika mchanganyiko wa kawaida wenye nikeli na kobalti, kila kilowati-saa inachukua kobalti ya gramu 200 hivi. Zile kilowati-saa 22 za ziada zinabeba kilo 4 na nusu. Kwa bei ya Februari 2025, dola 10 hivi kwa ratili, hiyo ni kobalti ya takriban dola 100. Mnunuzi wa Marekani aliongeza dola 5,000, na madini ya Lualaba ndani yake hayafikii hata hamsini moja ya pesa hiyo. Zinazobaki zinagawanywa kati ya wasafishaji, wenye viwanda vya seli, waunda magari na wauzaji, na karibu wote wako mbali na Kolwezi.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba wanunuzi wameanza kupiga hesabu zao wenyewe. Tangu mwaka 2020 Tesla imekuwa ikiweka betri za chuma na fosfeti katika Model 3 ya bei ya chini, na BYD ya China inazitumia katika magari yake. Betri hizo hazina hata gramu moja ya kobalti. Ni nzito kidogo, zinakwenda karibu zaidi, lakini ni nafuu na hazichoki upesi. Kwa hiyo mteja wa Shanghai au Berlin anayeamua kwamba umbali mdogo unamtosha, mara nyingi anaamua pia kuishi bila Kongo. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2024 betri za aina hiyo zilikaribia nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani.

Serikali ilisimamisha mauzo ya kobalti nje ya nchi Februari 2025, kisha ikaweka viwango kuanzia Oktoba: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo kwa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Ilikuwa lazima kufanya jambo, maana kuuza kwa bei ya kutupa hakumsaidii yeyote isipokuwa mnunuzi. Lakini kobalti ikiwa ghali, mwenye kiwanda anayesitasita kati ya betri mbili anapata sababu moja zaidi ya kuchagua ile isiyo na kobalti. Viwango vinanunua muda. Hazina ikihesabu kwamba watu wa Ulaya na China wataendelea kuogopa kuishiwa umeme njiani, inahesabu pesa za mtu mwingine.

Muda huo una kazi. Mwaka 2021, katika mkutano wa biashara Kinshasa, BloombergNEF ilikadiria kwamba kiwanda cha kutayarisha malighafi ya betri, cha tani 10,000, kingegharimu dola milioni 39 kikijengwa Kongo, mara tatu chini ya gharama ya Marekani. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mapatano ya kuijenga sekta hiyo pamoja. Wakaaji wa Katanga bado wanasubiri kuona betri ya kwanza. Wakati wakisubiri, kuna jambo dogo ambalo mikoa miwili ya shaba, Haut-Katanga na Lualaba, inaweza kulifanya bila mkutano wa kimataifa: kuweka chaja za haraka Likasi, kwenye barabara ile ile ambayo malori ya kobalti hupita kila siku. Zikiwapo, mwenye betri ya 40 ataweza kufika Kolwezi kama mwenye ya 62, na zile dola 5,000 zitabaki nyumbani kwa anayezihitaji kwa kazi nyingine.