Rangi Nayo Husema

Wako wasemao kwamba rangi ya pakiti ni pambo tu. Kwamba mnunuzi mwenye akili hutazama bidhaa, wala hashughuliki na vazi lake. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini si ya kweli, na wanaojua zaidi kuwa si ya kweli ni wauzaji wenyewe.

Natutazame biashara ya sigara huko Marekani. Kwa miaka mingi ziliuzwa sigara zilizoitwa nyepesi. Vichungi vyake vilikuwa na vitobo vidogo; mashine ya kupimia ilivuta hewa pamoja na moshi, ikaonyesha lami kidogo. Lakini binadamu si mashine: huvuta kwa nguvu zaidi, huziba vitobo kwa vidole na midomo, na sumu humfikia vile vile. Mwaka 2006 mahakama iliamua kwamba makampuni makubwa ya sigara yaliwadanganya watu, na tangu Juni 2010 sheria ikakataza neno hilo lisiandikwe. Ikawaje? Marlboro Lights ikaitwa Marlboro Gold, yaani dhahabu, rangi ile ile iliyokuwa juu ya pakiti yake, na wavutaji wakaelekezwa waiombe kwa rangi hiyo. Neno lilitolewa nje. Rangi ikabaki ndani ikisema yale yale.

Australia ilikata shauri lingine. Tangu Desemba 2012 kila pakiti ya sigara iuzwayo huko ni ya kahawia iliyofifia, na majina yote yameandikwa kwa herufi za namna moja. Kama rangi si kitu, makampuni yangalinyamaza. Hayakunyamaza. Yalikwenda Mahakama Kuu ya Australia, yakashindwa mwaka 2012. Honduras na Jamhuri ya Dominika nazo zikalipeleka jambo hilo katika Shirika la Biashara Duniani, zikashindwa hata katika rufani, mwaka 2020. Ni nani agombeaye pambo kwa miaka minane?

Yamkini tutaulizwa: je, mwataka maduka yote yawe na rangi ya matope? La, hasha. Rangi isemayo kweli ni msaada mkubwa. Mtoto atumwaye dukani, na mzee asiyejua kusoma, huitambua chai au sabuni kwa rangi ya pakiti yake. Lakini hao ndio waiaminio rangi kuliko sisi tusomao. Basi hao ndio wa kwanza kudhulumiwa inaposema uongo. Neno la uongo likiandikwa juu ya pakiti, mwandishi wake hushtakiwa. Kwa nini uongo ule ule ukisemwa kwa rangi uachwe huru?

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walimwonya mnunuzi, nao walifanya vyema. Sasa imetupasa kumhoji aliyeupamba mkakasi.