Kabla hujatia chumvi, pima maji!

Wiki hii naongea na washikaji na mashosti wenye tangi la samaki sebuleni, hasa wale waliopanda daraja: wameachana na samaki wa maji baridi, sasa wanafuga wa maji chumvi.

Raha yake hakuna asiyeijua. Taa ya bluu, mawe, matumbawe, na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtoto anawaita Nemo tangu sinema ile ilipotoka mwaka 2003. Mgeni akikaa kwenye kochi, hata televisheni haitazami tena. Lakini fuatilia maneno ya wafugaji wenyewe utasikia kilio kimoja: "Kila wiki nabadilisha maji, mbona ukungu wa kijani hauishi? Mbona matumbawe yanajikunja?"

Kabla hujamtukana aliyekuuzia samaki, hebu chungulia kwanza ndoo ya maji mapya.

Mchawi anaitwa nitrati. Samaki akila, anachafua. Uchafu ule unageuka amonia, amonia inageuka nitriti, nitriti inageuka nitrati. Hiyo ya mwisho haiui haraka kama zile mbili za mwanzo, ila ikijazana ni mbolea tosha kwa ukungu, na matumbawe hayaipendi kabisa. Ndiyo maana tunabadilisha maji, ili nitrati ipungue. Sasa kama maji unayoleta nayo yana nitrati, unafanya nini? Unafuta vumbi kwa kitambaa chenye vumbi!

Kwa Dar es Salaam hili si jambo la utani. Watu kibao tunatumia maji ya kisima, na nyumba nyingi zina choo cha shimo au shimo la maji machafu hapohapo uani. Yanayotoka chooni yanazama ardhini, na nitrati haikamatwi na mchanga, inatembea na maji mpaka kisimani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanaweza kumeta kama kioo huku yamejaa.

Utasema, "Mimi natumia ya kunywa, yamesafishwa." Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Baharini kwenye matumbawe, nitrati kwa kawaida haifiki hata miligramu 1. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa halali kabisa kwako wewe na yakawa balaa kwa matumbawe. Safi ya mnywaji siyo safi ya tangi.

Wajanja wana mashine ya RO, ile inayosukuma maji yapenye kwenye utando mwembamba. Ni kifaa cha maana, ila hakitoi nitrati yote. Tuseme maji ya kisima yana miligramu 80 na mashine inaondoa asilimia 90, bado umebakiwa na 8. Tena hiyo ni kama msukumo upo. Simtanki lililoinuliwa mita 3 linatoa msukumo wa kama bar 0.3 tu, wakati mashine nyingi za nyumbani zinataka bar 3 kwenda juu. Bila pampu, utando unafanya kazi nusunusu. Na wale wenye kichujio cha mwisho cha punje za rezini wajue kuwa punje zikichoka, nitrati inaweza kuponyoka. Badilisha kabla hazijakuangusha.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Una tangi la lita 100, nitrati iko 40. Unatoa lita 20, unatia lita 20 zisizo na kitu, nitrati inashuka hadi 32. Ukitia maji yenye 20, inashuka hadi 36 tu. Na hata ubadilishe mwaka mzima, haitashuka chini ya 20! Halafu na joto letu hili maji hukauka. Ukiongeza lita 1 ya maji hayohayo kila siku, mvuke unaondoka, nitrati inabaki. Kwa siku 30 umeongeza miligramu 6 kwa kila lita bila samaki kuchafua hata tone.

Haya, dawa. Nunua kipimo cha nitrati cha matone. Chota maji yaliyosafishwa, pima KABLA hujatia chumvi. Fuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno: ikisema tikisa chupa sekunde 30, tikisa kweli, kwani dawa ikituama chini kipimo kitakudanganya kuwa hakuna kitu. Angalia pia kama namba ni za nitrati yenyewe au za naitrojeni iliyomo. Kama ni naitrojeni, zidisha kwa 4.4.

Kwa nini kabla ya chumvi? Kwa sababu ukishachanganya, hutajua mkosaji ni nani. Maji matupu yakisoma sifuri na baada ya kuchanganya yakasoma 10, muulize aliyekuuzia chumvi, au jiulize ndoo ile zamani ilibeba nini. Ndoo ya mbolea haifai hata uisugue vipi. Yakisoma 10 kabla ya chumvi, tatizo ni mashine au kisima, na umeokoa chumvi yako. Chumvi yenyewe ni ile maalum ya matangi, siyo ya kuungia mboga, na inakwenda kama gramu 35 kwa lita. Ukimwaga ndoo moja iliyoharibika umemwaga hela.

Kuna atakayesema si bora kuchota pale Coco Beach. Ndugu yangu, Mto Msimbazi unakatiza jiji zima na kumwaga baharini pale Selander, siyo mbali na hapo. Umebeba nini, unajua mwenyewe. Ukichota, pima vilevile.

La mwisho, na hili siyo la samaki. Ukipima maji ya kisima chenu yakaja mekundu, usikae kimya. Nitrati nyingi ni hatari kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo, inazuia damu yake kubeba oksijeni. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani, nitrati inabaki palepale. Mgongee jirani mwenye mtoto, mwambie atafute maji mengine wakati ya kisima yanapelekwa maabara yakapimwe vizuri. Watakucheka kwamba umejua hayo kwa sababu ya Nemo. Waache wacheke.