Fungueni Pingu, Msiseme "Haraka" Tu

Naomba nitoe maoni yangu juu ya neno moja la Kiingereza lililozoeleka katika barua za ofisi zetu. Neno lenyewe ni "expedite".

Mama mmoja mjane wa kijijini kwetu alipata barua kuhusu mafao ya marehemu mumewe. Iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye haijui. Alinijia shuleni akaniuliza, "Mwalimu, wanasemaje?" Nilipoona neno hilo nikamjibu, "Wanasema watalishughulikia haraka, mama." Akashukuru, akaenda zake. Baada ya miezi saba alirudi na barua ile ile, imechakaa kwa kukunjwa. Niliona aibu, nikaamua kulitafuta neno hilo mpaka kwenye asili yake.

Waingereza walilitoa katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini "ex" ni kutoka, na "pedis" ni ya mguu. Waliposema "expedire" walikuwa na maana ya kuutoa mguu katika pingu au mtego. Kinyume chake ni "impedire", kuufunga mguu. Ndiyo maana mizigo mizito ya jeshi la Kirumi iliitwa "impedimenta", yaani vizuizi, na askari waliokwenda bila mizigo hiyo waliitwa "expediti". Hata pedeli ya baiskeli tunayoikanyaga kila siku asili yake ni mguu huo huo wa Kilatini.

Sasa tazameni tofauti. Neno letu "haraka" limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mwendo. Mtu aweza kuwa na mwendo mwingi na asifike popote, ndiyo maana wazee walisema haraka haraka haina baraka. Lakini neno lile la Kilatini halisemi kimbia. Linasema kwanza tazama mguu umenaswa wapi, uufungue, ndipo mwendo uje wenyewe.

Kwa hiyo tafsiri niliyompa yule mama ilikuwa pungufu, na ahadi aliyopewa ilikuwa pungufu zaidi. Tulipofuatilia pamoja tuliambiwa jalada lilikuwa linasubiri nakala ya cheti cha ndoa. Cheti chenyewe kilikuwa sandukuni mwake siku zote hizo! Hakuna aliyemwambia. Pingu ilikuwa karatasi moja, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe.

Ndugu Mhariri, siandiki haya kumlaumu mtumishi ye yote. Wako wengi wanaofanya kazi kwa moyo. Lakini Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ikiwa hukumu yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, barua ya mjane itashindikanaje?

Napendekeza kila barua ya kumjibu mwananchi iandikwe kwa Kiswahili, na iseme mambo matatu: kitu gani kimekwamisha shauri lake, nani wa kukiondoa, na kitaondolewa lini. Barua isiyosema hayo haijafungua mguu wa mtu, hata ikipambwa kwa maneno ya Kirumi yaliyopitia Uingereza.

Nasi walimu, ambao vijijini ndio wasomaji wa barua za watu, tuache kutafsiri kwa kubahatisha. Mimi nimeanza kwa kumwomba radhi yule mama.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.