Kodi ya Miezi Sita na Mapenzi ya Chuoni

Wazee wetu wakitaka kumnyamazisha kijana humwambia kuwa mshika mbili moja humponyoka: soma kwanza, kazi na mapenzi utavikuta. Methali ni njema, lakini inamfaa mtu mwenye uwezo wa kuachia kimoja. Mwanafunzi wa hapa Arusha, wa Chuo cha Uhasibu pale Njiro, au wa Chuo cha Ufundi, au wa Makumira kule Usa River, aachie kipi? Akiacha kazi, hali. Akiacha marafiki, hana wa kumwazima daftari wala nauli ya daladala. Na moyo wa mtu wa miaka 22 hauachi kupenda eti kwa sababu ratiba ya mitihani imebandikwa ukutani.

Basi tuseme naye kama mtu mzima, na tuanzie mfukoni. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na imewasomesha wengi ambao wazazi wao wasingeweza. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo, bumu kama wanavyoiita wenyewe, huja kwa mafungu, kila baada ya miezi miwili hivi. Mwenye nyumba wa Njiro au Sakina hana habari na mafungu. Anataka kodi ya miezi sita mkononi. Akikuhurumia sana, mitatu. Na asiye na mkopo hana hata fungu la kungojea. Hapo, ndugu zangu, ndipo yanapozaliwa mengi ya yale tunayoyaita utovu wa adabu wa vijana.

Maana kati ya wapenzi wawili, mmoja atakuwa na kodi hiyo na mwingine hana. Mwenye nayo analipa, asiye nayo anahamishia begi lake humo. Juma la kwanza wanasema wanasaidiana. Mwezi wa pili mmoja anapika na kufua, mwingine anauliza ulikuwa wapi. Mwezi wa nne mapenzi yamekwisha, kodi bado ipo. Nani atoke, tena mitihani ikiwa inabisha hodi? Wako mabinti wanaovumilia hadi kodi iishe, na wavulana wako vilevile, kwani siku hizi mlipaji si lazima awe mwanamume. Anayelala mahali kwa hisani ya mwenzake hawezi kusema hapana kwa sauti yake kamili. Hilo ndilo linalonitisha kuliko gheto lenyewe.

Wala msidhani ni siri ya watu wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ya kuwafanya watu wawatambue kama mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shahada nyingi ni za miaka mitatu. Yule mama wa genge anayekuita shemeji, na mwenye nyumba anayesema mkeo ameshalipa umeme, hao ndio mashahidi. Sisemi mahakama inawavizia mlangoni. Nasema watu wasiojuana hata majina ya wazazi wanaingia katika jambo zito kwa kukimbia ukali wa kodi.

Ushauri wangu hauna uzuri wa nyimbo. Pangeni chumba na rafiki, wawili au watatu, wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, na muandikishane: nani ametoa kiasi gani, na atakayeondoka katikati atarudishiwa nini. Mtaona haya siku ya kwanza. Haya ya siku moja inavumilika kuliko kununiana muhula mzima juu ya mtungi wa gesi. Na mpenzi aje mgeni, aondoke mgeni, mpaka siku wazee watakapoketi.

Kazi sina ugomvi nayo. Arusha ina msimu wake: Juni hadi Oktoba watalii wanafurika, na sehemu kubwa ya miezi hiyo vyuo vimefunga. Kijana anayebeba mizigo Mlima Meru, kutoka lango la Momella kupitia vibanda vya Miriakamba na Saddle, hushuka baada ya siku tatu au nne na ujira wa halali, mwacheni abebe. Balaa ni kazi za katikati ya muhula: kaunta ya baa, kibanda cha pesa za simu pale Kilombero, bodaboda ya tajiri anayedai hesabu kila jioni. Wengi huficha kuwa ni wanafunzi wakiogopa kunyimwa kazi, kisha kila mtihani wanazua msiba, hata bibi mmoja akazikwa mara tatu kabla ya Pasaka. Mwambie tajiri tarehe za mitihani siku ileile ya kwanza. Akikukataa, amekuokoa mapema na kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli. Na ukibaki kazini, usimfanye rafiki yako punda wa kukusainia mahudhurio na kuandika jina lako kwenye kazi ya kundi ambayo hukuigusa.

Iko pia zamu nzuri inayotolewa kwa masharti ya chumbani. Anayeitoa hivyo usimwite mchumba. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mhalifu mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo, awe bosi wa hoteli au mwalimu wa chuo. TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo.

Nanyi wazazi wa Karatu, Monduli na Babati, mnaotuma mnachoweza kwa simu na kuuliza tu kama masomo yanaendelea: ulizeni pia chumba kinalipwa na nani, kodi inaisha lini, na ikiisha atalala wapi. Mkiuliza bila ukali mtajibiwa ukweli. Na swali hilo aulizwe mtoto wa kiume sawasawa na dada yake.